Nyuzi Ziishe Zenyewe

Jumamosi ile soko kuu la Musoma lilikuwa limefurika mpaka kwenye lami. Wauza ndizi waligombania nafasi na wauza mihogo, pikipiki zilipiga honi katikati ya matenga ya nyanya, na harufu ya samaki sato waliokuwa wakikaangwa na Scholastika ilikuwa imetanda juu ya yote kama turubai. Mkabala na karai la Scholastika kilisimama kibanda kidogo cha mbao, rangi ya buluu, spika mbili mlangoni. Ndani yake alikaa Miriamu, binti wa Kijita kutoka Suguti, akiwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi.

Miriamu alikuwa msichana wa maneno machache. Mteja akiuliza bei, alimwonyesha kwa vidole. Lakini wimbo ukianza alijisahau. Siku hiyo alivaa gauni la maua ya njano na kilemba cha kufanana nalo, na alikuwa anaufuata wimbo wa Kilingala neno kwa neno, macho kwenye kompyuta, mabega yakicheza taratibu.

"Samahani, dada. Unajua maana ya hayo unayoimba?"

Miriamu akageuka. Mlangoni alisimama mwanaume mrefu, shati lake la kitenge limefuliwa mpaka maua yamefifia, kofia ameishika mkononi kama aliyeingia kanisani. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu.

"Sijui," Miriamu akajibu, aibu imemjaa. "Hata neno moja. Ila naimbaga vizuri."

"Unaimba vizuri kweli. Hata pale mwimbaji anapovuta pumzi, na wewe umevuta."

"Nikishausikia wimbo mara mbili tatu, unakaa. Hautoki tena. Nikuingizie nyimbo gani?"

"Una za Radi Band?"

"Kaka, Musoma hii nani hana za Radi?"

"Na zile za Gibson Burito? Alizotoa peke yake baada ya kuacha bendi?"

Miriamu akacheka kabla hajajizuia. "Hizo nani anunue? Mtu ana bendi kubwa Mwanza nzima inamjua, anaringa, anaiacha, halafu anakuja kutuimbia nyimbo kama mtu anayesubiri uji upoe?"

Scholastika alicheka mpaka akaweka chini kijiko chake cha kugeuzia samaki. "Uji upoe! Miriamu, leo umeamkaje?"

Yule mwanaume naye akacheka, kicheko cha chinichini. "Uji upoe. Hiyo sijawahi kuisikia. Redioni walisema nauza ukimya."

"Nani anauza?"

"Mimi."

Kilemba cha Miriamu kilionekana kuwa kizito ghafla. Aliinama, akatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo, na Scholastika akapaza sauti kutoka kwenye karai, "Shemeji, usimchukie! Mdomo wake huwa haufunguki, leo umefunguka vibaya!"

"Sijamchukia," Gibson akasema. "Nitarudi Jumamosi. Nataka nisikie kama amenitafutia tusi jingine."

Jumamosi iliyofuata alirudi kweli. Alileta sidii mbili, albamu zake mbili za kwanza, kava zake zimeanza kupauka. Moja iliitwa *Nimeshuka Njiani*, ya pili *Mkono wa Kushoto*. Miriamu alizipokea kwa mikono miwili. Kompyuta yake haikuwa na mahali pa kuchezea sidii, kwa hiyo alizipeleka nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Buhare, na kuziweka juu ya kabati, pembeni ya maua ya plastiki. Zilikaa hapo.

Alichokisikiliza Miriamu ni Gibson mwenyewe. Simu zilianza taratibu, kisha zikawa hazichagui saa.

"Haloo, Mjita wangu."

"Mimi siyo wako."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ugali wa muhogo na samaki ningu?"

"Ulitaka ninywe maziwa mpaka ninuke ndama kama nyie Wazanaki?"

"Njoo Butiama nikunukie vizuri."

"Nyoo!" Miriamu alikuwa anakata simu, halafu anaitazama mpaka iite tena.

Mchana mmoja walikaa kwenye mawe ya ufukweni, ziwa limetulia, watoto wanaogelea mbali kidogo. Miriamu alikuwa amevua viatu. Aliuliza swali alilokuwa amelibeba siku nyingi.

"Gibson, kwa nini uliacha Radi? Watu wanasema kiburi."

"Niliitwa nyumbani."

"Na nani?"

"Na baba. Alianguka, upande mmoja ukalala." Akarusha jiwe majini. "Yeye ndiye aliyenifundisha muziki. Litungu, ala ya nyuzi ya wazee wetu. Kabla sijalijua gitaa."

"Sasa yuko wapi?"

"Tulimzika kabla ya mvua za mwaka jana."

Miriamu akamshika mkono. Gibson akaingiza mkono wa pili mfukoni, akatoa flashi ndogo nyeusi iliyofungwa kwa uzi.

"Hii ni albamu ya tatu. Haijatoka bado. Simu niliyorekodia nyumbani ilikufa, studio ya Mwanza iliyoisafisha ilifungwa, mashine zake zikauzwa, na laptopu yangu iliibwa kwenye basi. Imo humu tu, hakuna kwingine. Nyumbani kwetu bati linavuja, naogopa. Nitunzie wewe."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye unayetunza nyimbo za mji mzima?"

Hakumwambia zaidi ya hapo. Laiti angemwambia. Lakini kuna mambo mtu hayasemi mbele ya mwanamke anayempenda, kwa sababu akiyasema atalia, na Gibson hakutaka kulia pale kwenye mawe.

Wakati huo Gibson alikuwa anapiga gitaa Bunda, kwenye baa moja karibu na barabara kuu. Jumapili moja mchana Miriamu alikwenda kumtazama. Alivaa sketi ya buluu ya kubana na blauzi nyeupe aliyoazima kwa Scholastika, akakaa nyuma kabisa na soda yake. Watu walikuwa wengi, wakulima wa pamba wamemaliza kuuza, meza zimejaa chupa. Gibson alipopiga nyimbo za Radi, baa nzima ilisimama. Kisha akasogeza kiti, akabadilisha gitaa, akasema, "Sasa huu ni wa kwangu."

Alianza taratibu. Mzee mmoja akapiga miayo kwa makusudi. Kijana aliyevaa jezi akapaza sauti, "Kaka, msiba uko wapi? Rudisha Radi!" Watu wakacheka. "Radi! Radi! Radi!" Gibson hakufika hata kwenye kiitikio. Alitabasamu, akarudia gitaa la kwanza, akawapa walichotaka.

Miriamu aliuona uso wake alipokuwa anatabasamu. Alirudi Musoma na uso ule. Akaapa moyoni kwamba nyimbo zile zitapendwa, hata kama ni yeye peke yake wa kuzisukuma.

Na yeye kazi yake aliijua. Wateja wa kibandani hawataki wimbo unaochelewa. Dereva wa pikipiki anataka wimbo uanze akiwasha, uishe akizima. Kwa hiyo nyimbo zote zinazopita kwa Miriamu zilikatwa kichwa na mkia, zikapandishwa spidi kidogo, na katikati ikawekwa sauti yake ya tangazo aliyoirekodi kwa aibu siku moja, Scholastika akimshikia simu: "Kwa Miriamu, Soko Kuu, Musoma!" Ndivyo vibanda vyote vya mji vinavyofanya.

Akaifungua ile flashi. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo, kama alivyozoea, alifanyia kazi humohumo, juu ya nyimbo zenyewe. Nyimbo za Gibson zilikuwa na mikia mirefu ajabu. Wimbo unaisha, nyuzi zinabaki zinalia, zinalia, zinafifia, na baada ya hapo hakuna kitu kwa muda mrefu. Miriamu akakata. Wimbo wa mwisho haukuwa na jina, na mkia wake ulizidi yote. Nyuzi zililia mpaka karibu ziishe, halafu ikasikika sauti ya mzee, imechoka, inaongea Kizanaki. Maneno machache, kikohozi katikati, kisha kicheko kidogo cha puani. Miriamu alidhani ni mtu aliyepita wakati wa kurekodi. Alirudisha nyuma ili apate mahali pazuri pa kukata. Akasikiliza tena. Akarudisha tena. Alipopapata, akakata, akahifadhi.

Za flashi akaziweka zingoje ruhusa ya Gibson, akaanza kuzigawa zile za sidii. Mteja akija kwa nyimbo za Radi, Miriamu alimwongezea wimbo wa Gibson bila kuulizwa, nyimbo hizo akizitoa kwa rafiki wa mtaa wa Mwigobero aliyekuwa nazo kwenye simu, nazo akizikata vilevile. Haukupita muda mrefu, "Nimeshuka Njiani" ulikuwa unalia kwenye pikipiki za Musoma, kwenye saluni, kwenye magari yanayokwenda Nyegina na Suguti. Ulikuwa mfupi, mwepesi, unachezeka. Mtangazaji yuleyule aliyewahi kumcheka Gibson alisema hewani, "Ndugu wasikilizaji, huyu bwana tulimkosea. Albamu zake tulizitupa bila kuzisikiliza."

Miriamu aliposikia alilia kwa furaha, akamkumbatia Scholastika na mafuta yake yote.

"Sasa mwambie," Scholastika akasema. "Unangoja nini?"

"Nataka asikie mwenyewe, akiwa njiani. Aje ananikimbilia."

Gibson alisikia mwenyewe. Alikuwa stendi ya Bunda, begi la gitaa begani, anangoja gari. Pikipiki ikapita na sauti yake mwenyewe, nyembamba kama ya mtoto kwa sababu ya ile spidi, na katikati ya ubeti, mahali alipokuwa amenyamaza ili zisikike nyuzi za baba yake, sauti ya msichana ikalipuka: "Kwa Miriamu, Soko Kuu, Musoma!"

Alipiga simu palepale stendi.

"Mpenzi!" Miriamu akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Umesikia? Niambie umesikia!"

"Miriamu. Flashi yangu umeigusa?"

"Nimeitengeneza yote. Nimeondoa ile mikia, watu walikuwa hawaitaki. Sasa hivi wanauliza kila siku, nataka tu uniruhusu nianze kuzigawa hizi mpya..."

"Na wimbo wa mwisho?"

"Ule ndio ulikuwa mrefu kupita yote. Mpaka kuna mzee anaongeaongea mwishoni. Nimemtoa."

Miriamu alisikia makondakta wa Bunda wakiita abiria.

"Alisemaje?"

"Nani?"

"Huyo mzee. Alisema nini, Miriamu?"

"Mimi nitajuaje? Alikuwa anaongea kilugha chenu. Gibson, kwani..."

"Kuna kwingine ulikouhifadhi? Sema kuna kwingine."

"Hapana. Nilifanyia humohumo."

Gibson alivuta pumzi, na alipoongea tena, sauti yake haikuwa ya hasira. Miriamu angependa iwe ya hasira.

"Yule alikuwa baba. Niliacha simu inarekodi, nikatoka kwenda kufunga zizi. Fundi wa studio ndiye aliyeniambia mzee kasema kitu mwishoni. Fundi ni Msukuma, hakuelewa. Baba alikuwa amekufa wiki ileile niliyorekodi. Nikashindwa kuusikiliza ule mwisho, nikasema nitausikiliza siku nikipata nguvu. Nilikuwa sijamsikia bado, Miriamu."

Simu ikakatika.

Alimpigia, haikupokelewa. Akampigia tena mpaka namba yake ikawa haipatikani. Alipeleka ile flashi kwa fundi wa kompyuta karibu na benki, kijana mpole, akaishughulikia siku nzima, akamrudishia akitikisa kichwa. "Dada, umeandika juu yake mara nyingi. Kilichokuwa chini hakipo." Miriamu alirudi kibandani, akazima spika zote mbili. Wateja walikuja, wakaondoka.

"Utakufa njaa," Scholastika alimwambia, akimwekea kipande cha sato kwenye karatasi. "Mwanaume kosa dogo anakasirika hivi?"

"Siyo dogo, Schola."

"Kwani ulijua?"

"Sikujua. Ndiyo maana inauma. Ningejua ningekuwa na mtu wa kumlaumu."

Siku hiyo alifunga mapema, akaenda Buhare. Shangazi yake alikuwa uani anamenya mihogo. Miriamu alipanda kiti, akazishusha zile sidii kutoka juu ya kabati, akazifuta vumbi, akaiweka ya kwanza kwenye redio kubwa ya shangazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzisikia nzima, kwa mpangilio wake, vichwa na mikia.

Wimbo wa kwanza uliisha. Mkono wake ulinyooka wenyewe kutaka kuruka kwenda wa pili. Akaurudisha mkono mapajani, akakaa.

Nyuzi ziliendelea. Zilipofifia, kumbe kulikuwa na vitu chini yake. Ndoo iliwekwa chini. Kuku alilia. Mlango wa bati ulifunguliwa, mtu mzima akaguna kwa kukaa kwenye kigoda. Kile walichokiita ukimya kilikuwa nyumba ya watu, na watu wenyewe walikuwa ndani. Kila mkia ulikuwa na sauti zake. Kwenye wimbo mmoja ilinyesha mvua, ikaanza juu ya bati kidogokidogo wakati nyuzi zinakwisha, mpaka mvua ikazichukua.

Akaweka ya pili, *Mkono wa Kushoto*. Hii ndiyo iliyochekwa kuliko zote. Walisema Gibson anapiga kama aliyekatikiwa nyuzi, sauti inatoka upande huu, inasita, inatoka upande ule. Miriamu alisikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu akainua kichwa. Sauti za upande mmoja zilikuwa nzito, za mkono wa zamani, zinajua zinakokwenda. Za upande mwingine zilikuwa za kijana, zinafuata nyuma kidogo, zinangoja. Haikuwezekana mtu mmoja apige vile. Baba mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala. Mwana ndiye aliyekuwa mkono ule. Walikuwa wamekaa wawili, litungu moja katikati ya magoti yao, na albamu nzima walipiga hivyo.

Miriamu alilia bila sauti. Alikumbuka alivyosema kuhusu uji, mbele ya Scholastika na soko zima, na Gibson akacheka.

Sidii iliisha. Redio ikabaki inaguruma taratibu. Miriamu, macho amefumba, akaendelea kuimba kwa ndani, kama anavyoendeleaga na wimbo umeme ukikatika. Akaingia albamu ya tatu kutoka kichwani. Akafika wimbo usio na jina. Akapita ubeti wa mwisho, akapita nyuzi, na midomo yake ikaendelea kusogea.

"Unasema nini?" Shangazi aliuliza kutoka uani, kisu kimesimama hewani.

"Sijui, shangazi."

"Siyo Kijita hicho."

"Najua siyo," Miriamu akasema. Alikuwa amesimama tayari, anatafuta viatu.

Kesho yake asubuhi alikuwa Butiama. Alivaa gauni lake la kanisani, la kijani, na kitenge amejifunga juu yake kwa heshima ya nyumba iliyofiwa. Kutoka barabarani alipanda njia ya mawe mpaka kwenye mji wa akina Burito, nyumba ya bati, zizi, na kaburi lenye saruji mpya pembeni ya migomba. Dada yake Gibson, Wankyo, alikuwa jikoni anachekecha unga. Alimtazama mgeni, akamtambua bila kuambiwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa 'Soko Kuu, Musoma'?"

"Ndiyo mimi."

"Yuko uani. Anaondoka leo." Akaendelea kuchekecha.

Gibson alikuwa amekaa kwenye kigoda, begi la nguo limefungwa, begi la gitaa limeegemezwa ukutani. Litungu la baba yake lilikuwa limelala juu ya mkeka, ngozi yake nyeusi kwa mikono ya miaka mingi. Alikuwa amekonda.

"Miriamu. Umefikaje huku?"

"Nimekuja na gari la Bunda. Unakwenda wapi?"

"Radi wameniita. Wimbo umepanda, wanataka nirudi niupige kwenye jukwaa kubwa Mwanza. Ule wa kwako. Wa kuchezeka." Hakusema kwa kejeli. "Watapiga simu kuniambia gari limefika wapi. Huku sina tena kitu cha kulinda."

"Usinifukuze kwanza."

"Sikufukuzi. Hata hasira sina. Nimechoka tu."

Miriamu alipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. Aliogopa maneno yatamtoka vibaya. "Gibson, siku ya kwanza uliniuliza kama najua maana ya ninachoimba."

"Nakumbuka."

"Sijuagi. Lakini unajua ninavyoimba."

Gibson akamtazama.

"Nilimrudia mzee mara nyingi wakati natafuta pa kukata. Sijui alisema nini. Ila nilimsikia."

Akafumba macho. Alianza na nyuzi, akaziimba kwa mdomo zikififia, kwa sababu bila kupitia hapo asingefika. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa nzito, ya kifuani, imechoka. Akatamka maneno ya Kizanaki yote kama yalivyokuwa, akakohoa pale mzee alipokohoa, akamalizia, na mwishoni kabisa akacheka kicheko kidogo cha puani.

Jikoni, chekecheo lilianguka. Wankyo alitoka mbio, unga mikononi. "Nani anaongea kama baba? Gibson, nani anaongea?"

Gibson alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, na kwa muda haikujulikana kama analia au anacheka.

"Rudia," akasema.

Miriamu akarudia. Kikohozi, kicheko, yote. Wankyo akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Alisema nini?" Miriamu akauliza kwa woga. "Ni mabaya?"

Gibson alijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa anaongea na litungu." Akaligusa ubavuni. "Alisema, 'Mtoto huyu amenipita.' Akakohoa. Halafu akasema, 'Usimwambie.'"

Wankyo akajiziba mdomo, unga ukamchora mashavuni. "Mzee yule! Hakukusifu hata siku moja."

"Hata siku moja," Gibson akasema.

Ng'ombe mmoja alijikuna kwenye miti ya zizi. Kisha Gibson akamgeukia Miriamu, na kwenye macho yake mekundu kulikuwa na kitu cha ule utani wa zamani, kidogo sana.

"Sauti yake nitakuwa siipati tena. Hilo siwezi kukudanganya kwamba haliumi. Kila nikikuangalia, kwa muda, nitalisikia lile tangazo lako."

"Najua."

"Lakini alipo baba sasa ni humo kwako tu, hakuna kwingine. Nitakuachaje?"

"Usiniache," Miriamu akasema. Lilikuwa jambo la ujasiri kuliko yote aliyowahi kuyasema, na alilisema akitazama mkeka.

Gibson akalivuta litungu, akalikalisha kwenye paja. "Kaa huku. Upande wa kushoto."

"Mimi sijui kupiga."

"Weka kidole hapa. Nikikuangalia, gusa. Basi."

Akaanza wimbo ule usio na jina, kwa mwendo wake wa taratibu, na kila alipomtazama Miriamu aligusa uzi wake, akichelewa kidogo, akingoja. Wankyo aliegemea nguzo. Walipofika mwisho, kidole cha Miriamu kwa mazoea kilitaka kuushika uzi unyamaze. Gibson akatikisa kichwa.

"Kwa baba nyuzi hazishikwi. Alikuwa anasema wanaotusikiliza kutoka kule hawajamaliza. Ziache ziishe zenyewe."

Kule kulikuwa pale pembeni tu, chini ya saruji, karibu na migomba.

Ndipo simu ya Gibson ilipoanza kuita juu ya begi lake. Iliita, jina la bendi linawaka kwenye kioo, na nyuzi nazo zikawa zinalia, nyembamba, zinakwenda mbali. Miriamu aliitazama simu, akamtazama Gibson. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Simu ndiyo iliyotangulia kunyamaza.